Foleni ya Siku za Gulio

Mwaka 2003 Namelok alikuwa mwanafunzi wa uzamili, na somo lake lilikuwa gumu kulieleza nyumbani kwao Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha: kupima mifumo ya kompyuta, kujua kwa nini huu unakwenda mbio na ule unajikokota. Mama yake aliwaambia watu wa kanisani kwamba binti yake anasomea uganga wa mashine. Namelok hakumsahihisha, aliona hajakosea sana.

Msimamizi wake alikuwa Dk. Twahir Saadi, mzaliwa wa Arusha mjini, mtoto wa fundi cherehani, ambaye sasa alifundisha Dar es Salaam. Mtu huyo aliweza kusimama ubaoni saa mbili bila karatasi, akikokotoa foleni ya benki au ya simu, mpaka wanafunzi wakasahau kuandika. Namelok alimheshimu kiasi cha kumwogopa. Alipopangiwa kufanya utafiti katika hospitali moja ya binafsi kule Themi, mjini Arusha, alijua nusu ya kazi imekwisha. Dk. Twahir alikuwa ameipima mwaka uliotangulia, akaandika kwamba seva yao, ile kompyuta kuu inayotunza majina ya wagonjwa, imezidiwa na inafaa inunuliwe kubwa zaidi. Namelok alitakiwa tu kuthibitisha.

Mapokezi yalikuwa na kompyuta nne. Asubuhi nyingine zilikwenda vizuri. Nyingine ziliganda, wagonjwa wakajaa mpaka barazani. Namelok aliweka programu ndogo ndani ya seva, ikawa inaandika kila ombi limefika saa ngapi, limeanza kushughulikiwa saa ngapi na limetoka saa ngapi. Baada ya wiki mbili alichora grafu. Aliitazama, akaichora upya akidhani amekosea. Hata asubuhi zile mbaya kabisa, katika kila dakika kumi seva ilifanya kazi dakika moja tu. Tisa zilizobaki ilikaa bure.

Akarudi kwenye tarehe. Asubuhi mbaya karibu zote ziliangukia siku za gulio la Ngaramtoni, ambapo magari ya kuja mjini huwa mengi na wazee wa milimani hupata usafiri. Lakini idadi ya wagonjwa haikuwa imeongezeka kihivyo. Basi gulio lilipofika tena aliacha grafu zake, akaenda kuketi kando ya Marta, karani wa mapokezi.

Alikuja bibi mmoja. Marta alifungua fomu mpya, akamuuliza mwaka wa kuzaliwa. Bibi alianza na rika la kaka yake, akaeleza walitahiriwa lini, akapitia ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yao, na Marta akamsikiliza kwa adabu. Namelok aligeuza macho. Kompyuta tatu nyingine zilikuwa zimeganda, na makarani waliozitumia wamekunja mikono. Bibi na Marta walipokubaliana juu ya mwaka 1931, Marta akahifadhi fomu, na papo hapo zile tatu zikazinduka.

Ndipo alipoelewa. Aliyeandika programu ya mapokezi aliifanya ifunge rejista nzima ya wagonjwa kila fomu mpya inapofunguliwa, na isiifungue mpaka fomu ihifadhiwe. Mzee mmoja akikumbuka miaka yake, hospitali nzima inasubiri.

Alipomweleza Marta, sauti ya Marta ilishuka. "Kwa hiyo utaandika kwamba mimi ndiye ninayewachelewesha watu?"

"Sijui bado nitaandikaje, dada," Namelok alisema. "Lakini si hivyo."

Ilimchukua siku nne kumpigia simu mwalimu wake. Dk. Twahir aliuliza kama saa za kompyuta zote zimelinganishwa, amepima siku ngapi, na programu yake ya kupimia inaichelewesha seva kiasi gani. Namelok alijibu yote. Wiki ile ile mwalimu akapanda basi.

Siku ya gulio alifika hospitalini mapema. Namelok alimwamkia shikamoo, akataka kumpeleka ofisini. Yeye akaketi kwenye benchi katikati ya wagonjwa, saa ya kupimia mkononi na daftari gotini. Alikaa hapo hadi adhuhuri. Kisha akaomba daftari la Namelok, akalilinganisha na lake mstari kwa mstari.

"Nilipima tangu karani anapobonyeza mpaka jibu linaporudi," alisema, "nikaamini muda wote huo seva ilikuwa kazini. Kumbe nayo ilikuwa inasubiri. Umeona ambacho mimi sikukiona, Namelok. Twende kwa meneja."

Kwa meneja alisema wazi kwamba ripoti yake ilikosea, akaomba seva mpya isiagizwe. Meneja akaanza kulalamikia makarani wazembe. Dk. Twahir akamwambia kwa upole kwamba karani anayemsikiliza mzee mpaka amalize anafanya kazi yake. Cha kubadilishwa ni programu. Ikabadilishwa, ikawa inafunga rejista kwa nukta ile tu ya kuhifadhi. Namelok alipima tena wiki sita: wastani wa kusubiri ulishuka kutoka sekunde hamsini na mbili hadi tatu.

Katika tasnifu alitaka kuitaja ile ripoti ya kwanza bila jina la mwandishi. Mwalimu alikataa; akaagiza iingie yote, na jina lake juu. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini kutoka nje aliuliza kwa nini matokeo yanapingana na ya msimamizi. Namelok alieleza hatua kwa hatua, huku Dk. Twahir amekaa pembeni kimya kama kanuni zilivyotaka, akitikisa kichwa kukubali. Alifaulu.

Mwaka uliofuata, Namelok akiwa mkufunzi msaidizi, aliketi nyuma ya darasa wakati Dk. Twahir akiwasimulia wanafunzi wapya habari za hospitali ile. Mmoja akauliza ni nani aliyekuwa amepima vibaya.

"Mimi," alisema mwalimu, na kuendelea kuandika ubaoni.