Hollis, Jina la Kike

Miaka ile ukisimama uwanja wa michezo wa mji wetu hapa Georgia ukaita "Hollis!", wasichana wangekugeukia mpaka ujute. Yote yalianza na Hollis, binti wa Bi Caroline Stallings, aliyevikwa taji la malkia wa sherehe ya mapichi. Kila mama mwenye mimba akalitaka jina lake, weupe kwa weusi.

Mimi nalichukia. Naitwa Odessa Hollis, na jina hilo nimelibeba tangu kuzaliwa kama mzigo wa mtu mwingine. Babu wa babu yangu alipachikwa jina hilo na mzungu aliyemmiliki, mzee Hollis, kama ng'ombe wake walivyochomwa chapa. Mzungu huyo ndiye babu wa babu wa Bi Caroline. Mji mzima unajua, na mji mzima umenyamaza.

Basi Renita, binti wa marehemu kaka yangu, aliponiambia mtoto aliye tumboni ataitwa Hollis, nikaisukuma sahani.

"Una wazimu, mwanangu? Jina la mwenye shamba?"

"Ni jina la baba yangu, shangazi. Mimi nimeolewa, sasa ni Boykin. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Nani atalibeba?"

"Lioze! Mwite Opal. Mama yangu alipewa jina hilo na mama yake mzazi, tena kwa mapenzi."

"Opal! Jina la bibi kizee mnusa ugoro."

"Alinusa, ndiyo. Na ndiye aliyemlea baba yako kwa mikono hiyo hiyo yenye ugoro."

Akacheka, akasema atafikiria. Namjua akisema atafikiria. Nikashona blanketi, nikalitarizi OPAL kwa uzi wa zambarau, herufi kubwa kubwa, ili siku ya kumpa mama mtarajiwa zawadi aone haya kunikatalia mbele za watu.

Siku hiyo tulikutana ukumbi wa kanisa letu. Kulikuwa na mayai ya kujazwa, kuku wa kukaanga, na chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno. Bi Caroline alikuja kwa kuwa anafundisha shule moja na Renita. Alikula akashiba, halafu akamshika Renita mkono huku anatabasamu.

"Mpenzi, nasikia mnataka kumwita Hollis. Usiniudhikie, lakini hilo ni jina la familia yetu. Mimi ndiye wa mwisho kuzaliwa nalo, ndiyo maana nikampa binti yangu, lisife. Hao wengine wanaiga tu. Wewe ni rafiki yangu. Hakuna Hollis waliobaki, unanielewa?"

Waliokaanga yule kuku aliyemla walikuwa Hollis. Mchungaji aliyeombea chakula alikuwa Hollis. Renita akatazama chini, akaanza, "Basi, labda tutatafuta..." na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekemewa. Lile jina nililichukia maisha yangu yote, lakini lile tabasamu lilinishinda.

"Bi Caroline," nikasema, "mimi naitwa nani?"

"Odessa, jamani."

"Odessa nani?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikuwa nawahesabu ninyi."

"Najua. Hamjawahi hata siku moja kutuhesabu sisi."

"Mwambie, dada!" mtu akapaza sauti kutoka jikoni.

"Mtoto ataitwa Hollis," nikasema. "Asiyetaka akatapike nje."

Bi Caroline akatafuta mkoba wake. Renita akanikodolea macho. "Shangazi, si unalichukia?"

"Nalichukia hata sasa hivi nilipokaa hapa. Niletee mkasi mdogo na sindano."

Nikalitoa blanketi kwenye karatasi ya zawadi, nikalikunjua magotini, nikaanza kufumua. O. P. A. Renita alinishika mkono nilipofika kwenye L, nikautoa. Nilimwondoa mama yangu uzi kwa uzi huku nalia, sikujali nani ananiona.

Kisha nikatunga uzi ule ule, nikaanza H. Kila nilipochoma sindano nilisikia kinyaa, na sikuacha hata mshono mmoja ulegee.