Mafuta ya Mama Kwenye Mashine ya Kunusa

Mimi Faudhia nalipwa kwa kunusa. Cheka, ukimaliza unisikilize. Kwenye maabara ya vyakula ninayofanyia kazi hapa Kibaha kuna mashine inayotenganisha harufu za chakula, moja baada ya nyingine. Kompyuta inazichora kwa mistari, na wakati huohuo zinatoka kwenye bomba. Pua yangu iko kwenye bomba hilo.

Wiki iliyopita niliipeleka chupa ya mafuta ya nazi anayopika na kuuza mama yangu, Bi Tunu wa Marui. Wifi yangu Sikuzani alikuwa amethubutu kumwambia kwamba mafuta yake yananuka ubovu. Mama akapandisha hasira: huyo mke anamharibia biashara, arudi kwao Maneromango! Kaka yangu, kama kawaida yake, akanywea. Nikawaambia ngojeni mashine iseme.

Harufu tamu ya nazi ikachorwa mstari mrefu kama mnazi wenyewe. Nikafurahi, mama ameshinda. Kisha kikaja kistari kidogo, hata kukiona taabu, na puani mwangu, astaghfirullah, nusura nitapike.

"Salehe!" nikamwita mtaalamu wetu. "Kilichoharibika ni mashine yako au pua yangu?"

"Vyote vizima. Mashine inapima wingi, dada. Pua haijali wingi. Harufu nyingine chembe tu inajaza nyumba."

"Kwa hiyo mafuta mabovu?"

"Mabovu."

Sasa hapo ndipo nilipovurugika. Mama ndiye aliyenifundisha kunusa! Iweje asisikie kitu kinachonitapisha mimi? Au anajua, ila kiburi? Au Sikuzani kweli ameyatia kitu? Nilifika Marui na maswali hayo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika udi huu, fukiza. Kaka yako anakuja na huyo mkewe, maneno yaishe leo."

Nikapanga makaa kwenye chetezo, nikakiweka sebuleni, akili haipo. Mama akaingia, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Aa, udi wa safari hii mzuri. Nyumba nzima inanukia."

Nikautazama mkono wangu. Udi ulikuwa bado umo, kwenye karatasi yake.

"Mama," nikasema. "Sijautia."

Akafumbua macho. Akaitazama karatasi, akayatazama makaa. Nilidhani atanitukana. Akakaa mkekani taratibu, na mimi roho ikaniuma.

"Tangu yale mafua ya masika," akasema. "Nikajua pua itarudi. Nazi naipika kwa mazoea tu, mwanangu, na kunusa nanusa kwa kukumbuka."

Hodi ikapigwa. Kaka na mkewe walikuwa mlangoni, Sikuzani ameinamisha kichwa, mfuko wake wa nguo mkononi. Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Uweke chini huo mfuko, Sikuzani," akasema. "Njoo uninusie mafuta."