Meza Nane

Zamda hakuwa mtu wa kubembeleza kiti. Alikuwa na miezi minne tu katika ofisi ile ya uwakala wa forodha, ghorofa ya tatu, Kariakoo, na Mzee Abdulhamid, mwenye ofisi, alikwisha tamka: chumba hakiwatoshi watu saba, kwa hiyo aliyekuja mwisho ataenda kukaa stoo, Buguruni. Zamda hakutaka hata kuisikia stoo hiyo. Ukishapelekwa huko, unalinda maboksi mpaka usahaulike.

"Nipe Jumamosi moja tu, mzee," aliomba. "Nikishindwa, nahama mwenyewe."

Jumamosi akaja na futi kamba na chaki. Akachora meza sakafuni, akawaketisha wenzake kwenye viti vya plastiki. Wote wakaenea, naye akaanza kutamba. Mara Filbert, karani wa nyaraka, akasimama, kiti chake kikamgonga mwenzao Tatu mgongoni.

"Dada, umepima meza, watu hujawapima!" Tatu alifoka.

Kweli tupu, na ilimuuma Zamda. Akafuta, akachora upya: meza ndogo nane katikati ya chumba, nne zikitazamana na nne, na nyuma ya kila mtu nafasi ya kurudisha kiti na mwingine kupita. Vipimo vilikubali. Kilichokataa ni theluthi ya chumba, iliyokaliwa na meza ya bosi, pana kama kitanda, pamoja na makochi mawili ya wageni. Wageni wenyewe tangu lini wakakaa? Mfanyabiashara wa Kariakoo huulizia kontena lake akiwa wima mlangoni, simu sikioni.

Mzee akaingia.

"Shikamoo, mzee," alisema Zamda.

"Marahaba. Haya, mmetosha?"

"Saba tumetosha, na wewe wa nane. Isiyotosha ni meza yako."

Filbert akainamia viatu vyake. Zamda macho hakuyashusha.

Mzee akaizunguka michoro taratibu. Akavuta kiti cha nane, akaketi, akasimama, akaketi tena. Hakumgonga mtu.

"Meza ile iende Buguruni," alisema. "Na makochi yake."

"Na mimi, mzee?"

"Kaa hapo, tutazamane. Mtu aliyeweza kunihamisha mimi, nimhamishie wapi?"