Ukipenda, au Shauri Yako

Mimi mdomo wangu mwepesi, nalijua hilo. Ndiyo maana Bosi Hussen, mwenye nyumba ya wageni hapa Kilwa Masoko, alinionya mapema: "Mwanasha, leo nakujaribu kutembeza wageni. Mgeni akinung'unika hata kidogo, kazi huna."

Mwalimu Optatus akanipika Kiingereza cha adabu. Mgeni haamriwi, anashauriwa. Useme "You might want to", yaani ukipenda, waweza. Ukisema "You had better", usidanganyike na ile "bora" iliyomo ndani, hapo umeshamtisha. Ni sawa na "shauri yako" ya kwetu.

Haya, nikampeleka bibi mmoja wa Kiingereza kwa boti kisiwani Songo Mnara. Akazunguka magofu, kila ukuta picha. Maji ya bahari yakaanza kutoka. Kule yakishatoka, boti inakaa juu ya tope, na nyie mtatembea mikokoni mkizama hadi mapajani. Na bibi mwenyewe goti lina bandeji!

Nikamwambia kwa adabu zangu zote, "You might want to go back now."

"Oh, no, thank you," akajibu huku akitabasamu, akarudi kwenye ukuta wake.

Nikangoja, nikarudia. Akashukuru tena. Jamani! Nahodha Abilahi ananipigia miluzi kule chini, mimi nabembeleza, na mtu anakataa kama anakataa chai. Hasira zikanipanda.

"You had better get in that boat!" Yaani apande boti, sitaki maneno.

Bibi akanitazama, akafunga kamera, akashuka chapuchapu na goti lake. Boti ilikwangua mchanga, ikatoka. Nilitaka kulia, maana kazi niliiona imekwenda na maji.

Bosi alitungoja gatini. Yeye Kiingereza hajui hata cha salamu. Bibi akamwendea moja kwa moja: "You might want to hire her."

"Anasemaje?" Bosi akaniuliza.

Nikatafsiri kama nilivyofundishwa. "Anasema ukipenda, unaweza kuniajiri."

"Kumbe si lazima," akasema Bosi, akageuka kwenda zake.

Bibi akataka kujua amejibu nini. Nikamweleza. Akacheka, akamfuata Bosi, akamshika bega. "You had better!"

"Na hilo je?" Bosi akauliza.

"Hilo, bosi, ni shauri yako."

Bosi akamtazama bibi, kisha mimi. "Kesho usichelewe," akasema.