Mguu wa Eliufoo

Mbege ya kwanza, pombe ya ndizi ya kuposea, ilichacha. Ya pili nayo ikachacha, mama yake Avelina akawamwagia nguruwe, nao wakalala kutwa nzima chini ya migomba bila haya. Hii ya tatu ilikuwa imefika asubuhi ile kutoka Kwa Sadala, madebe manne yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, na Avelina alikuwa ameapa kwamba hii itanywewa, hata kama itabidi awabane wazee pua mmoja mmoja na kuwanywesha kama anavyowanywesha dawa watoto wa wodini.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kutia aibu. Kungekuwa na sababu ya maana, angenyamaza. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Uru na mchumba wake, Elinipendo, Mlutheri wa upande wa Hai. Kila mtu alidhani hapo ndipo patakuwa na kazi. Wapi! Padri na mchungaji walikutana mara moja, wakanywa chai, wakaelewana. Mahari nayo ilipangwa kwa barua moja. Kilichowashinda watu wazima wenye mvi zao ni gunia. Gunia la maganda ya kahawa lililolazwa kwenye nyasi mwaka 1965, na kama mguu wa mtu fulani uliligusa au haukuligusa.

Mwaka huo chuo cha ualimu cha pale Uru kilikuwa na mwalimu wa Kimarekani, kijana mrefu aliyeitwa Mwalimu Roji, ambaye alikuja kufundisha hesabu akaishia kufundisha besiboli. Mpira mdogo mgumu, gongo la mti, magunia manne kwenye pembe nne za uwanja. Unaupiga mpira, unatupa gongo, unakimbia kuyazunguka magunia yote, na ukifika kwenye lile la mwisho kabla mpira haujakuwahi, timu yako imepata moja. Wakitolewa watatu wa upande wenu, zamu yenu imekwisha. Mchezo wa watoto, kwa maoni ya Avelina. Lakini chuo kimoja cha upande wa Hai nacho kikaujua, vyuo vikaitana, na siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya miti ya miringaringa.

Saba kwa saba, jua linazama, zamu ya mwisho. Mwanafunzi mmoja wa Hai, jina lake Eliufoo, akaupiga mpira ukavuka mfereji na kupotelea kwenye kahawa. Akakimbia gunia la kwanza, la pili, la tatu. Mpira ukapatikana, ukarushwa. Eliufoo akajitupa chini, akateleza mguu wa kushoto mbele, na kijana wa Uru aliyelinda gunia la mwisho akamgusa na mpira papo hapo. Mguu ukiwa umegusa gunia kwanza, Hai wameshinda; la sivyo, Uru wamewazuia, na kwao huo ni ushindi. Vumbi likafunika kila kitu. Kabla Mwalimu Roji, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, hajafungua mdomo, watazamaji walikuwa wameshavamia uwanja. Baadaye akarudi kwao Marekani, na uamuzi wake akaondoka nao.

Baba yake Avelina, Mzee Basili, alikuwa mpishi wa chuo cha Uru. Mzee Aminieli, baba mdogo wa Elinipendo na msemaji wa posa yake, alikuwa dereva wa lori la chuo cha Hai. Hakuna kati yao aliyewahi kushika gongo; mmoja alishika mwiko, mwingine usukani. Lakini ungewasikia, ungedhani mguu ule ulikuwa wao.

Posa ya kwanza ilivunjika pale Mzee Aminieli alipogundua yuko kwenye nyumba ya mpishi wa Uru. Ya pili ilivunjika kabla hata wageni hawajakaa. Na desturi haikuwa na mlango wa nyuma: baba wa binti ndiye hunywa kwanza, kisha humpa msemaji wa wageni kata, kibuyu cha kunywea, anywe humohumo. Wasipokunywa hao wawili, hakuna posa, na pasipo posa hakuna tarehe. Elinipendo, bwana shamba, alikuwa amehamishiwa Songea. Alitakiwa kuripoti tarehe mosi Desemba, na leo ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na nane Novemba. Posa ikikwama tena, angekwenda peke yake, na Avelina alikuwa na miaka ishirini na sita na mashangazi watano. Songea nako, mashangazi walimkumbusha, kuna wasichana.

Ndiyo maana, bila kumwambia mtu, alikuwa amemwandikia barua Eliufoo mwenyewe, ambaye sasa alifundisha shule ya msingi kule chini kwenye mashamba ya miwa. *Njoo Jumapili saa nne, Mwalimu. Sema uligusa au sema hukugusa, mimi sijali lipi. Ila useme.*

Saa nne ilifika, Eliufoo hakufika. Saa tano. Avelina alisimama mlangoni akiitazama njia ya kihamba kati ya migomba, meno ameyauma. Ikifika saa nane mchana magari yote ya watu binafsi marufuku barabarani, ndiyo sheria ya Jumapili ya kubana petroli, na wageni walikuwa wamekuja na gari la kuazima. Ndani, mpaka hapo, mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kutisha. Watu walisalimiana. Watu waliulizana habari za mvua. Baba yake akapewa kata iliyojaa, akainyanyua, akapuliza povu.

"Kunywa, mbe," Mzee Aminieli akasema kwa upole wote. "Hiyo imetoka Hai. Kwa watu wanaofika mwisho wa safari."

Mzee Basili akaishusha kata.

"Wanaofika wapi?"

"Mwisho. Nimesema tu mwisho."

"Mwisho wa nini, Aminieli?"

Basi tena. Avelina alifumba macho. Alipoyafumbua, sufuria ya ndizi ilikuwa imeshawekwa katikati ya chumba ikawa gunia, kiatu cha Elinipendo kimevuliwa mguuni mwake kikawa mguu wa Eliufoo, na wazee wawili wenye wajukuu walikuwa wamepiga magoti sakafuni, kila mmoja akikisukuma kiatu anavyotaka yeye.

"Alikuja hivi! Kisigino kwanza!"

"Kisigino kilikuwa hewani! Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mwiko mkononi!"

"Ulikuwa jikoni! Wali uliungua siku ile, nani hajui?"

"Wali wangu haujawahi kuungua!"

"Baba," Avelina akasema. "Tafadhali. Kunywa kwanza, mbishane baadaye."

"Siwezi kuunganisha damu na watu waongo."

Elinipendo, na mguu wake mmoja wa soksi, alimtazama Avelina kwa macho ya mtu anayezama. Alikuwa kijana mwema, na wakati kama huu wema wake ulimtia Avelina hamu ya kumpiga na sufuria.

Saa saba kasoro, Eliufoo akatokea. Alikuja taratibu kana kwamba hakuna kinachomharakisha duniani, na fimbo yake, shati limelowa jasho. Avelina akamshika mkono akamwingiza ndani bila hata kumkaribisha maji.

"Shikamooni," Eliufoo akasema.

"Marahaba. Wewe ni nani?" Mzee Basili akauliza kutoka sakafuni.

Miaka kumi na minne wameubishania mguu wa mtu, na mwenye mguu hawamjui. Akataja jina. Mzee Aminieli akainuka akamkumbatia machozi yakimlengalenga. Hata Mzee Basili alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kumpa mkono.

"Waambie, mwanangu," Mzee Aminieli akasema. "Waambie hawa."

Eliufoo aliomba maji, akanywa, akakaa.

"Wazee wangu, ile haikuwa kitu," akasema. "Mwalimu Roji aliniambia mwenyewe jioni ileile. Alikosea kuhesabu. Watatu wetu walikuwa wameshatolewa kabla mimi sijashika gongo. Zamu yetu ilikuwa imekwisha. Niguse, nisiguse, ni bure. Mechi ilikuwa sare, saba kwa saba."

Mzee Basili akakisukuma kiatu pembeni.

"Sare?" Mzee Basili akasema.

"Sare, mzee."

"Mwalimu wa hesabu," Mzee Aminieli akasema polepole, "alishindwa kuhesabu mpaka tatu?"

"Aliona haya kuwaambia. Watu walikuwa wamefurahi sana. Akaniomba na mimi ninyamaze."

Avelina alingoja. Alijua, kama muuguzi anavyojua, kwamba sasa kitapasuka kitu. Hakujua tu kitapasukia upande gani.

"Huyu," Mzee Basili akasema akimnyooshea kidole Eliufoo, lakini akimtazama Aminieli, "huyu anajua nini?"

"Hajui kitu," Mzee Aminieli akasema.

"Alikuwa anakimbia tu! Mtu anayekimbia ataona nini?"

"Sisi ndio tulikuwa tunatazama!"

"Mimi niliwahesabu waliotoka. Wawili!"

"Wawili, mbe! Wawili kabisa! Mimi na wewe tulikuwepo!"

"Sare!" Mzee Basili alitema neno hilo kama jani la mwarobaini. "Anakuja nyumbani kwangu, anakunywa maji yangu, anatuambia watu wazima tumebishania sare!"

Kwa hasira alinyakua kata, akapiga mafunda matatu makubwa, akamkabidhi mwenzake. "Kunywa, Aminieli. Kunywa, ndugu yangu. Umetukanwa ukiwa kwangu." Na Mzee Aminieli, naye akihema kwa ghadhabu, akanywa mpaka chini.

Mama yake Avelina hakungoja hata povu likauke midomoni mwao. Alipiga vigelegele vikafika kwa jirani, na jirani akavipokea, akavipeleka mbele. Wazee wakaitazama kata, wakatazamana. Hakukuwa na jinsi. Kilichonywewa hakirudi debeni. Ndani ya robo saa tarehe ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya wiki ileile kabla Majilio hayajaanza na kanisa kusimamisha ndoa, na Elinipendo alikuwa amerudishiwa kiatu chake.

Katika shangwe zile Avelina aligeuka amshukuru Eliufoo, akakuta kiti kitupu.

Alimfuata njiani mbio. Alimkuta ng'ambo ya uzio wa masale, amekaa kwenye jiwe kando ya mfereji, mguu wa kushoto ameuvua kiatu na kuutia kwenye maji.

"Mwalimu, nisamehe. Nimekuita uje kutukanwa."

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Basi nauli yangu haikupotea." Alicheka kidogo. Kisha akautoa mguu majini aukaushe, na Avelina akauona. Kifundo kilikuwa kimevimba, mfupa umetokeza pembeni mahali usipopaswa, umeungana vibaya tangu zamani. Wodini wangemwonyesha mwanafunzi wa uuguzi mguu kama ule ili ajue mfupa usiposhikwa mapema unakuwaje. Na kutoka barabara ya mabasi mpaka hapa ni kilima kitupu, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili.

"Hiki kilivunjika lini?" akauliza.

Eliufoo aliupangusa mguu kwa kiganja.

"Siku ile. Kwenye gunia," akasema. "Nililala kwenye vumbi watu wananiruka huku na huku. Amegusa, hakugusa. Nilipiga kelele, wakadhani nashangilia. Mwalimu Roji ndiye aliyeniinua, akanipakia kwenye gari lake. Alikuwa analia, nadhani kwa ajili yangu. Ndipo njiani akaniambia habari ya hesabu."

"Na hujawahi kuwaambia?"

"Kuwaambia nini, dada? Nimesimamishwa stendi, sokoni, hata kanisani siku ya kumzika baba yangu. Kila mtu anauliza habari za mguu huu. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kama ulipona."

Kule ndani walikuwa wameanza tena; sauti ya Mzee Aminieli ilisikika ikitaka sufuria irudishwe katikati. Avelina alivua kanga yake ya mabegani, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kukifunga kifundo kile kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na hasira na baba yake, na Aminieli, na yule Mmarekani. Lakini barua ile ilikuwa na mwandiko wake yeye, na asubuhi nzima yeye ndiye aliyesimama mlangoni akimlaani mtu huyu kwa kuchelewa.