Mlinzi wa Viatu

Mwalimu Lusiana, mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa kanisani, hakuwa na nia mbaya. Alisimama mbele ya waumini baada ya misa ya Jumapili, akatangaza kwamba mwaka huu sikukuu ya Watoto Mashahidi itasherehekewa Nachingwea, kwenye nyumba ya wageni mpya yenye bwawa la kuogelea. Watoto walishangilia mpaka katekista akawakoholea. Kisha Lusiana akaongeza huku akitabasamu, "Na Rahel wetu atatulindia viatu kama kawaida."

Watu walicheka kwa upole. Rahel naye alicheka, na hicho ndicho kilichomchoma mama yake, Teodosia. Mtoto wa miaka tisa alishaizoea kazi hiyo kama mtu aliyeajiriwa. Rahel ana ualbino, na jua la Ruangwa halina utani na ngozi kama yake. Wenzake wakicheza mpira, yeye yuko kivulini na kandambili zao. Wakienda mtoni, yeye na kandambili. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na mtoto asiyelalamika humtesa mzazi kuliko anayelia.

Teodosia alimfuata Lusiana nje ya kanisa.

"Mwalimu, akivaa shati la mikono mirefu na suruali yake, si anaweza kuingia majini na wenzake?"

"Wenye bwawa wamekataa nguo za kawaida, Mama Rahel. Wanasema zinachafua maji. Wanataka nguo za kuogelea tu."

"Na nguo ya kuogelea ina mikono?"

Lusiana alitikisa kichwa. Haina mikono, haina miguu, na mgongoni imebaki kamba. Aliyeishona hakuwahi kukaa Ruangwa mwezi wa kumi na mbili.

Mtu mwingine angeliacha jambo lipite. Teodosia alikuwa na kichwa kigumu, na safari hii alikitumia vizuri. Kwanza alimpigia simu mdogo wake aliyeko Dar es Salaam. Mdogo wake akazunguka madukani, akarudi na jibu kwamba nguo za watoto za kuzuia jua majini zipo kweli, ila moja tu ingekula ufuta wote wa shamba la chini. Teodosia alimshukuru, akakata simu, akasubiri siku ya mnada.

Siku hiyo alidamka kijijini kwao Likunja, akapanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini, akaenda moja kwa moja kwenye mitumba. Kila nguo yenye mikono mirefu aliyoishika aliingiza kiganja ndani, akainyanyua juu na kuitazama dhidi ya jua. Wapita njia walimshangaa. Nesi wa kliniki ya ngozi ndiye aliyemfundisha: ukiviona vidole vyako, jua nalo litaiona ngozi ya mtoto. Somo hilo alikuwa amelipata kwa kuchelewa. Siku ya Komunyo ya kwanza alimvalisha Rahel gauni jeupe la mikono mirefu, jepesi, zuri kama la malaika. Baada ya maandamano alimvua, akakuta mabega yamewiva kama yamemwagiwa uji wa moto. Tangu siku ile hakuamini tena urefu wa mkono wa nguo.

Alizunguka mpaka jua likasimama utosini. Nyingine zilipitisha mwanga kama chandarua. Nyingine zilikuwa nzito, zingejaa maji na kumvuta mtoto chini. Mwishoni alifika kwa Sikudhani, mama wa makamo aliyetandaza turubai karibu na stendi, akamweleza shida yake yote bila kuficha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Sikudhani alikuwa mzazi wa watoto sita. Hakumcheka.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Inama tuchambue."

Wakainama wote wawili. Walitupa pembeni magauni, makoti ya baridi, jezi za timu zisizojulikana. Chini kabisa ya rundo, Sikudhani akavuta kitu cha bluu kilichokolea: blauzi ndefu ya mikono mirefu, suruali yake, na kofia iliyoshonwa kama ushungi. Kitambaa kilikuwa laini, kinavutika, kinateleza mkononi.

"Kumbe hii bado ipo," alisema Sikudhani. "Mama Rahel, hii ni nguo ya kuogelea. Mabinti wa Kiislamu wa huko Ulaya ndiyo wanayoogelea nayo. Hapa kila anayeishika anadhani ni ya mazoezi, anairudisha."

Teodosia aliingiza kiganja, akakinyanyua juani. Hakuona kidole hata kimoja. Moyo ulimruka. Kisha ukarudi chini, kwa sababu alikumbuka kwamba mumewe Silvanus ni mwenyekiti wa jumuiya ya waumini, na kwamba sikukuu yenyewe ni ya kanisa.

"Watasema nimembadilisha mtoto dini," alinong'ona.

Sikudhani alimtazama, naye alikuwa amejifunga ushungi wake vizuri. "Jua linauliza dini ya mtu?"

"Haliulizi."

"Basi. Elfu sita, na ya kofia sikutozi."

Teodosia alilipa haraka, akaiweka kwenye mfuko mweusi na kuufunga mafundo mawili, kana kwamba ameiba.

Jioni hiyo Rahel aliivaa, akasimama katikati ya sebule. Suruali ilimzidi kidogo, mama yake akaikunja na kuishona pindo. Silvanus aliweka chini kikombe cha chai, akamtazama binti yake kuanzia utosini. Teodosia alikuwa amejipanga kwa vita. Alikuwa na maneno ya kutosha kumfikisha asubuhi.

"Hii si ya wenzetu Waislamu?" Silvanus aliuliza.

"Ndiyo."

"Hm." Ukutani nyuma ya mtoto kulikuwa na picha ya Bikira Maria, naye amejifunika kitambaa cha bluu. Silvanus aliitazama picha, akamtazama mtoto, bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko. "Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo, yaoge. Huyu wa kwetu anayavalia."

Vita ikaisha kabla haijaanza, na Teodosia alijikuta akifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Sikukuu ilipofika, Teodosia alipanda basi pamoja na watoto. Walifika Nachingwea asubuhi, bwawa likimetameta nyuma ya uzio. Mlangoni alisimama kijana mmoja, Ismaily, mlinzi wa bwawa, akikagua nguo za kila mtoto. Alipomfikia Rahel alinyoosha mkono.

"Huyu hapana. Nguo za kawaida haziruhusiwi."

Rahel hakubisha. Aligeuka palepale, kama mtu aliyejua jibu tangu nyumbani, akaenda kivulini walikoacha viatu. Akachuchumaa, akaanza kuvipanga, kila cha kushoto na mwenzake wa kulia. Teodosia akamwendea mtoto, akamshika mkono, akamrudisha mlangoni.

"Mwanangu, kishike hiki kitambaa," alimwambia Ismaily. "Kivute. Kisha kimwagie maji."

Ismaily alisita, akauvuta mkono wa nguo, ukarudi wenyewe. Akachota maji kwa kiganja, akayamwaga begani. Yakateleza yote mpaka chini. Akacheka, ameona haya.

"Samahani, mama. Hii ni ya kuogelea kuliko zote zilizopita hapa. Aingie tu."

Teodosia alimpaka Rahel usoni mafuta ya kukinga jua aliyopewa kliniki, akaikaza ile kofia. Mtoto akabaki amesimama ukingoni, akigeuka kutazama kivulini.

"Na viatu je, mama?"

"Leo viatu ni vyangu."

Rahel akashuka ngazi. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Mmoja wa wenzake akasema, "Sista Rahel kaja," na wote wakacheka, yeye kuliko wote, na ndani ya muda mfupi hakuna aliyekumbuka amevaa nini. Mwalimu Lusiana alisimama kando akimtazama. Akamwambia Teodosia taratibu kwamba hatarudia tena lile tangazo.

Teodosia alikaa chini ya kivuli, akaanza kupanga viatu. Vilikuwa vingi kuliko alivyodhani, vyekundu, vya bluu, vilivyofungwa kwa waya, karibu vyote vinafanana. Alikuwa amefika katikati alipoitwa kutoka majini.

"Mama, hicho si cha Agatha. Cha Agatha kimelika kisiginoni. Hicho ni cha Nicholaus, mwenzake kiko nyuma yako."

Teodosia aligeuka. Kweli kilikuwa nyuma yake. Alikishika mkononi, akafikiria safari ngapi zimemfundisha mtoto wake kisigino cha kila mwenzake, akashindwa kuendelea kupanga. Aliponyanyua macho, Rahel alikuwa ameshampa mgongo, anarusha maji.