Pande la Kwanza la Ndafu

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na asiyetaka kusikia hayo ashuke hapa hapa. Jumamosi ile tulikuwa ndani ya vani ya kanisa, huku Marekani, tunatoka Woodbridge kwenda Landover kwa Mama Euphrasia, aliyekuwa na sherehe ya kipaimara cha bintiye. Mama huyo ni shangazi yake Elisante, mchumba wangu. Tumechumbiana, ndiyo, ila kwao alikuwa hajanitambulisha. Safari hii aliniahidi: "Edna, leo utanilisha ndafu."

Kwa ukoo wao, mbuzi yule mzima wa kuchoma si kitoweo tu. Mwanamke akimlisha kijana wao pande la kwanza mbele ya wazee, vigelegele vikapigwa, basi, imekwisha, huyo ndiye mkwe. Jioni Moshi nzima inajua.

Foleni ya I-95 ikatushika. Mzee Gwakisa, dereva wetu, akasema, "Mahujaji wa kale walifupisha njia kwa hadithi. Atakayepigiwa makofi mengi nitamwombea kwa Mama Euphrasia akate ndafu, amlishe amtakaye."

Moyo ukaniruka. Lakini aliyedakia wa kwanza ni nani? Jerotich! Nesi wa Kikenya, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Elisante humpa lifti ya kazini, eti njia ni moja. Njia moja, mwe!

"Wacha niwapee story," akasema. "Kulikuwa na mama fulani. Bwana yake akirudi, kabla hata ya salamu, ananusa koti. Ananusa kola, ananusa mifuko. Siku bwana amekufa, mama akainama kwa jeneza, akanusa, akaruka: 'Haya marashi ni ya nani?'"

Gari zima likaangua kicheko. Elisante alicheka mpaka akapigapiga kiti. Mimi nilikauka. Koti la Elisante nalinusa mimi, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Aliyewahi kuniona ni mmoja tu, mwenye koti. Kumbe kwenye lifti ile na mimi nilikuwa napelekwa kazini, vipande vipande!

"Zamu yangu," nikasema. "Palikuwa na mwanamume aliyeishi na mkewe nyumba nzuri ya udongo. Kila asubuhi alitoboa ukuta kidogo, ili jirani apate cha kuchekea. Leo achungulie mke anavyokoroma, kesho anavyolia. Jirani akicheka, yeye anatoboa tena. Masika yakaja, nyumba ikaanguka, akakimbilia kwa jirani. Jirani akasimama mlangoni: 'Hapana, baba. Wewe unatoboa kuta.'"

Hakuna aliyecheka. Kisha Mzee Gwakisa akaguna, "Duh!" na makofi yakaanzia viti vya nyuma. Elisante aligeukia dirishani. Jerotich akaangalia kucha zake. Nilikuwa nimeshinda.

Landover, Mama Euphrasia akanikabidhi kisu. Wazee wameketi, simu zimeinuliwa. Elisante akaja akasimama mbele yangu, kinywa wazi kabisa, kama hakuna lililotokea. Ningemlisha tu, jamani! Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nyuma ya bega lake nilimwona Jerotich anatabasamu, na hasira ikanipanda kichwani. Nikampita mchumba wangu, nikamnyooshea yeye lile pande.

"Kula, dada. Siri zangu umeshazila zote, hiki ni kishushio."

Nilitaka aaibike. Nilitaka alie pale pale, mbele za watu. Jerotich akapokea nyama kwa mikono miwili, taratibu, kwa adabu zote.

"Asante, Edna," akasema.

Akageuka, akaipeleka kinywani kwa Elisante. Kilikuwa bado kiko wazi. Elisante akanitazama, akamtazama yeye, akafunga mdomo, akatafuna.

Mama Euphrasia, asiyejua la gari wala la koti, akapiga kigelegele na wazee wakaitikia. Mimi nimesimama na kisu, mafuta ya mbuzi yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kabla sijakiweka chini, mtu alikuwa ameshapiga simu Moshi.